Jinsi binti yangu alivyorudisha usingizi kabla ya mtihani wa kidato cha sita

Binti yangu anautaka udaktari Muhimbili, na alikuwa akikesha na Kemia hadi saa nane usiku. Darasani anasinzia, jioni kichwa kinamuuma. Nilianza na chai ya rangi: kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo kikombe cha mwisho kikawa cha saa tisa alasiri. Simu inachajiwa sebuleni. Lakini kilichosaidia zaidi, naamini kabisa, ni kuamka saa kumi na mbili kila siku, hata Jumapili, kisha kutoka uani jua likichomoza, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili. Vijana hadi miaka 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Sasa ikifika saa nne usiku, daftari linafungwa, na maswali ya Kemia anayamaliza kabla ya chakula.