Mguu mmoja hewani

Jana jioni binti yangu alikuwa kwenye foleni ya bomba, zamu yake haijafika, akaanza kuipiga jerikani tupu kwa viganja. Tum, tum-tum, tum. Mimi nilikuwa mlangoni navua viatu. Kabla sijatambua ninachofanya, kisigino cha kulia kikawa kimeinuka. Akaniona.

"Baba, unacheza nini?"

Nikamwambia mguu umekufa ganzi.

Nina presha ya kupanda. Daktari alikuwa ameshaniambia: dakika 150 kwa wiki, tembea haraka, au fanya chochote unachokipenda ilimradi moyo uende mbio. Nilichokipenda! Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Kwetu kukimbia ilikuwa adhabu: umechelewa, zunguka uwanja, umemjibu mkubwa, zunguka mara tano. Mtu mzima avae kaptula akajiadhibu mwenyewe alfajiri, hajakosa lolote? Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu zao, Uganda ikawa miongoni mwa nchi ambazo watu wake wanautumia mwili zaidi ulimwenguni. Wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 5.5 tu. Mke wangu alinisomea habari hiyo kwenye simu, kisha akaniangalia, akanyamaza.

Halafu ikaja 2020, na korona. Mwisho wa Machi magari yakasimamishwa, kafyu ikawa saa moja jioni, na Kampala nzima ikagundua kukimbia. Barabara ya Northern Bypass ilijaa watu kana kwamba kuna kitu kinagawiwa huko mbele. Hata mimi nilishuka mara mbili kutoka Kibuli kuelekea Namuwongo, goti likilalamika, na vijana wa bodaboda waliokosa abiria wakiniuliza, "Mzee, nani anakudai?" Wiki ya pili ya Aprili Rais akapiga marufuku kukimbia barabarani. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Furaha yangu haikumaliza hata siku tatu. Rais huyo huyo akatoa video yake, peku juu ya zulia, anazunguka ofisini, kisha pushapu 30. Mke wangu akaiweka simu mbele yangu. "Mwenzako huyo. Na umri wake huo."

Sasa, ofisi ya Rais na mzigo wetu, yaani chumba kimoja cha kupanga, ni mambo mawili. Kati ya kitanda na kabati la vyombo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja aliyelala kiubavu. Pushapu ya nne nilishukia kwenye sufuria ya maharage.

Hajati wa chumba cha tatu alikuja mbio akidhani tunapigana. Mnubi wa Bombo, mji wa Wanubi kaskazini mwa Kampala, miaka sabini na ushee, mdomo hauna breki. Akaniona pale chini, mchuzi kifuani. "Mwanangu, huo ni mwili au gunia la mkaa? Kesho baada ya Isha toka nje."

Kesho yake alikuwa uani, gurbaba, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, kiunoni, jerikani ya njano imepinduliwa na kufunikwa shuka lililokunjwa mara mbili ili sauti isivuke ukuta. Akatufundisha doluka, ngoma ya harusi za kwao. Vyumba saba, watu kama kumi na wawili, tukajipanga. Miguu haikimbii popote. Unakanyaga kidogo, unarudi kidogo, bega linafuata, na usipoangalia unashtukia shati limelowa. Usiku wa kwanza niliwakanyaga watu watatu. Wa nne, Hajati hakunitaja kabisa, nami nikaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa yake.

Ule usiku wa sita au wa saba ndio hauniachi. Tulikuwa katikati, jerikani inanong'ona tum, tum-tum, mara tukasikia mabuti kwenye kichochoro. Askari wa doria. Wakati ule habari za fimbo za doria zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Hajati akalaza kiganja juu ya jerikani, akakiacha hapo hapo. Hakuna aliyekimbilia chumbani, kwa sababu milango yetu ya mabati ina kelele kuliko ngoma. Tukaganda kama tulivyokuwa. Mimi nilikuwa na mguu mmoja hewani. Mwanga wa tochi ukapanda juu ya ukuta, ukapita kwenye kamba ya nguo, ukasimama kwenye sidiria ya mtu, ukakaa. Jasho likaniteremka kutoka sikioni hadi kwenye kola. Nilisikia moyo wangu, nikasikia na wa jirani, nadhani. Kijana wa chumba cha tano alianza kutetemeka, nikadhani ni hofu, kumbe anazuia kicheko. Mabuti yakasogea. Yakaishia kona ya msikiti. Hajati akahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne, halafu akapiga tum, na mguu wangu ukashuka mahali pake barabara, sijawahi kuushusha hivyo tena.

Ramadhani ikaandama, Hajati akaitia jerikani maji. Baada ya Idi tulijaribu kidogo, ila kafyu ilikuwa imezoeleka, hakuna aliyeganda tena. Mwaka uliofuata alirudi kwao Bombo. Mwenye nyumba akajenga vyumba viwili palepale uani.

Nilijiunga na jimu nikaiacha. Nikanunua kamba ya kuruka. Binti yangu anaifungia mbuzi akienda kwa bibi yake. Mpaka leo sijui kama nilipenda ngoma ile, au nilipenda kwamba tulikuwa tunaiiba. Ikiwa ni hilo la pili, daktari ataniandikia nini?

Wiki iliyopita muuguzi mmoja, binti mdogo tu, alinifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasoma namba bila kunitazama. Akashika kalamu. "Mzee, mazoezi unafanya gani?"

Nikafikiri kidogo.

"Natembea," nikasema, naye akaandika.