Jumamosi ya mpambaji wa harusi Kigoma

Saa 11 alfajiri. Jua la Kigoma hutoka zaidi ya nusu saa baada ya la Dar es Salaam, kwa hiyo saa hizi kwetu bado ni usiku. Nafungua boksi la waridi lililokuja na ndege ya jana. Yamekatwa Arusha, yakapitia Dar, yakafika huku shingo zimelegea. Natoa majani ya chini, nakata mashina mshazari, naingiza kwenye ndoo ya maji yenye sukari, ndimu na jiki kidogo sana. Sukari ni chakula chake. Jiki inaua bakteria, maana ndio wanaoziba mashina.

Mama wa jirani anauza ndizi mbivu, na kila Ijumaa namwomba asogeze mikungu yake mbali na dirisha langu. Alidhani ni maringo. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na ua likiipata linazeeka kabla ya siku zake.

Saa 1 asubuhi. Sokoni Kibirizi, kwa wauza samaki aina ya migebuka, kununua barafu. Chumba cha baridi sina. Nina deli tu, lile boksi la kutunzia baridi, nimelisugua kwa sabuni mpaka harufu ya samaki ikakubali kuhama. Shada la bibi harusi linakaa humo juu ya kibao, lisiguse barafu.

Saa 3. Kabla sijaondoka, kijana anakuja kuulizia shada la msiba, mazishi alasiri. Hiyo haisubiri harusi. Namfungia la mikaratusi na waridi jeupe. Bei ya msiba huwa sibishani.

Saa 4. Ukumbini, Mwanga. Hapa ndipo siku inapokaa.

Bibi harusi alinitumia picha kwenye simu: tao lisilofungana juu, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, majani makavu ya rangi ya udongo, maua ya aina moja yamerundikwa pamoja, basi. Ndiyo mitindo ya sasa. Kampuni ya Pantone, inayotangaza rangi ya mwaka, iliichagua kahawia ya chokoleti kwa mwaka 2025, na tangu hapo naletewa picha za rangi ya kahawia na nyeupe ya maziwa. Zile pinki na zambarau za satini zimebaki stoo.

Sasa, majani makavu ya mitende ambayo wapambaji wa mbali wanayaagiza kwa bei, sisi tuna michikichi mpaka nyuma ya choo. Nakata majani machanga, nayalaza kivulini chini ya mbao yakauke yakiwa yamenyooka, kisha napunguza ncha kwa mkasi. Mkungu mtupu wa chikichi, ule unaobaki baada ya kung'olewa mbegu, nao naupanga chini ya tao. Una umbo ambalo huwezi kulitengeneza kwa mkono. Mikaratusi ipo kila kona. Alizeti nazifuata kwa mkulima.

Mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima, anaingia na kusimama katikati ya ukumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, haya si ndiyo tunatengenezea mafagio? Leo tunamweka nayo mtoto wa watu meza kuu?"

Namwonyesha ile picha. Anaitazama, anavua miwani, anaitazama tena. "Na yale maua ya plastiki mliyoweka kwa binti wa jirani? Yalijaza ukumbi." Hapo ana hoja: wageni wa Kigoma wanapenda kuona fedha yao ya mchango imejaa. Tunakubaliana niongeze alizeti mbele ya meza kuu. Tao siligusi.

Vijana wangu wanakunja wavu wa kufugia kuku na kuufunga ndani ya mabakuli. Mashina yanashikiliwa na matundu. Zamani tulichomeka kwenye sponji ya kijani, ile iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1954. Ni plastiki, haiozi, na ukiibonyeza inabaki unga. Maonesho ya maua ya Chelsea, London, yaliizuia mwaka 2021. Nchi yetu ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini sponji hakuna aliyeiuliza. Niliiacha kwa sababu nyepesi zaidi: ilikuwa ghali, na wavu unarudi nyumbani.

Saa 9 tumemaliza, wali wa kamati umefika, tunakula tukiwa tumesimama.

Saa 12 na nusu jioni. Maharusi wako ufukweni wanapigwa picha, jua likishukia milima ya Kongo. Mpiga picha anapiga simu: shada la bibi harusi limeanza kulegea. Namwambia alichovye mashina kwenye maji, si ya ziwani yenye mchanga, ya chupa, dakika kumi tu. Saa 2 linaingia ukumbini limesimama vizuri.

Saa 6 usiku. Kubomoa. Alizeti zimeshachukuliwa na akina mama kabla ya keki kuliwa, na vitoto viwili vinapigana kwa majani ya mchikichi. Yaliyosalia nayafunga kwa kamba. Yakikaa pakavu yanafanya harusi nyingine. Wavu tunaukunjua na kuuosha palepale.

Kabla ya kulala namtumia ujumbe mtu wa boksi: wiki ijayo anipunguzie waridi nusu, na kama ana jipsofila, yale maua madogo meupe, ailete peke yake, nyingi. Kuna kicheni pati Ujiji na mhusika anataka mawingu.