Kaka wa siti ya 22 na mlango wa rubani

Wiki hii nimetumiwa video ile ile kwenye magrupu matatu ya whatsapp, abiria kafungwa mikono ndani ya ndege anapiga makelele na watu wanamcheka, na chini yake vikatuni vya kucheka mpaka basi. Mie sikuweza kuimaliza. Nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka saba, nkaacha nlipopata mtoto wa pili, saivi nipo zangu nyumbani Mwanakwerekwe hapa Unguja, na kila nikiona video za namna hii namkumbuka kaka mmoja wa kwetu Pemba ambae mimi kwa mikono yangu hii ndie nliemfunga. Sitotaja shirika, wala mwaka, wala kijiji chake, maana visiwa vyetu hivi vidogo na yeye hakutaka kujulikana.

Ilikua safari ya usiku, tunatoka Ghuba kule Uarabuni tunakuja Unguja, kama masaa matano na nusu hivi angani na ndege imejaa. Waliowahi kupanda safari hizo wanazijua, watalii nusu na watu wetu nusu, wanawake wanaorudi kutoka kazi za majumbani na mizigo yao, wazee walioenda kuangalia watoto, wafanyabiashara. Sisi tulikua wanne. Hesabu inayotumika sehemu nyingi duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na hiyo hesabu si ya kugawa chai jamani, ni ya kuwatoa watu nje ndege ikipata moto. Chai ni jambo la ziada. Hili nlikua nawaambia mpaka ndugu zangu na hawanielewi.

Yule kaka alipanda kashika kofia mkononi, shati safi, macho mekundu. Nkadhani usingizi. Siti ya 22, dirishani. Chakula kilipopita akakataa, nkamwambia basi kunywa hata juisi kaka'angu, akatikisa kichwa tu akageukia dirisha.

Baada ya masaa mawili hivi jirani yake akaniita, harufu. Kumbe alinunua chupa pale uwanjani akaimimina kwenye chupa ya maji. Huruhusiwi kunywa ulevi wako mwenyewe ndani ya ndege, hata kama umenunua dyuti frii na risiti unayo, kwa sababu sisi lazima tujue mtu kanywa kiasi gani. Na juu kule si sawa na chini. Hewa ya ndani ya ndege inawekwa kama vile uko kwenye mlima wa futi 6,000 mpaka 8,000, oksijeni ni pungufu, hewa kavu, na mtu ambae hajala wala hajalala na wala hajazoea kunywa, kidogo tu kinamchukua vibaya. Huyu hakuwa mlevi. Nimeshawahudumia walevi wengi, mlevi nnamjua anavyoshika chupa.

Nkachutama pembeni yake. Hivyo ndo tunavyofundishwa, usimsimamie mtu kichwani, shuka macho yako yawe chini ya macho yake, mikono ionekane, sauti iwe ndogo kuliko ya kwake. Nkamwambia kaka'angu naomba hiyo chupa niiweke mie, ukishuka ntakurejeshea. Akanipa bila ubishi, halafu akaanza kulia, mwanamme mtu mzima, bega zinatetemeka.

Mamake kafariki magharibi ile. Amepigiwa simu akiwa kazini, ana miaka minne hajaja nyumbani, bosi wake kamkatia tiketi usiku ule ule. Kule kwao wamesema watazika baada ya adhuhuri, hawawezi kusubiri zaidi, na yeye ndie mtoto wa kiume wa pekee. Akanambia maneno ambayo mpaka leo nnayasikia, "Dada, nani ataingia kaburini kumpokea mamangu?" Kwa asieijua desturi yetu, mwanamke anapozikwa wanaoshuka kaburini kumpokea ni maharimu zake, yaani wanaume wa karibu wasioweza kumuoa, na hilo ndo la mwisho mtoto wa kiume anamfanyia mamake, hakuna jengine.

Halafu akanionesha skrini ya mbele yake, ile yenye ramani na kindege kidogo. Kilikua juu ya bahari. "Angalia, hakiendi. Nimekiangalia tangu saa ile hakiendi. Mwambieni kapteni aongeze." Nkamueleza tunakwenda kama kilomita 800 na zaidi kwa saa, kwenye ramani ndo kinaonekana kimesimama. Akasema basi nimwambie mwenyewe. Nkamwambia haiwezekani kaka, nisubiri nikuletee maji.

Hapo ndo nlipokosea, na nasema hivyo kwa sababu nimelifikiria miaka. Nlitakiwa nimuite mwenzangu alete maji na mie nisiondoke. Nkaenda jiko la nyuma, na yeye akanyanyuka akaenda mbele.

Mbele alikuwepo binti mmoja wa Jang'ombe, ana miezi mitatu kazini. Dakika kama kumi nyuma msaidizi wa rubani alikua katoka kwenda msalani, na wakati huo huwa tunaziba njia kwa toroli mpaka arudi, kwa hiyo binti alikua ndo analirejesha toroli mahala pake. Yule kaka akampita akaanza kuugonga mlango wa rubani kwa ngumi mbili. "Kapteni! Kapteni, ongeza mwendo nakuomba!" Binti akajiweka kati yake na mlango, yule kaka akamsukuma na kiwiko, mdomo wa binti ukapiga kwenye ukingo wa toroli, damu.

Kuna ngazi nne za fujo ambazo wahudumu dunia nzima wanafundishwa. Ya kwanza maneno, ya pili kugusa na kupiga, ya tatu kuhatarisha maisha, ya nne ni kujaribu kuingia kwa rubani. Baada ya 11 Septemba 2001 milango ile ya rubani ikafanywa migumu kuvunjika, inafungwa kwa ndani, na wakati wa fujo haifunguliwi kwa sababu yoyote, hata rubani akitusikia tunauliwa nje hafungui, na sisi ndo tunataka asifungue. Sasa huyu mtu alietaka kuomba tu, kwa dakika moja katoka ngazi ya kwanza mpaka ya nne. Mlango hauulizi nia yako. Na mie sina kipimo cha kupimia nia ya mtu usiku wa manane juu ya bahari na watu mia na hamsini nyuma yangu.

Kapteni kwenye intafoni, simu ya ndani ya ndege, akaniuliza neno moja, mnamuweza? Maana kama hatumuwezi atashusha ndege, na pa kushusha palipokua mbele yetu ni Mombasa. Mtu anadhani kushusha ndege ni kama daladala kusimama kituoni, ni mafuta, ni masaa ya kazi ya marubani yanakwisha, ni abiria wote kulala uwanjani. Na mie nkafikiria jengine, tukishuka Mombasa huyu hapati hata kuliona kaburi. Nkasema tunamuweza.

Sheria, ule mkataba wa Tokyo wa 1963, inampa kapteni nguvu tangu milango ya nje imefungwa mpaka ifunguliwe, anaweza kuamrisha sisi wahudumu tumdhibiti mtu, na anaweza kuwaomba abiria wasaidie lakini hawezi kuwalazimisha. Nkaomba. Wakasimama vijana wawili, mmoja mvuvi wa Mkokotoni, mikono yake kama kamba za nanga. Nkawaambia mshikeni kama mnamshika ndugu yenu, msimpige. Tukampeleka safu ya mwisho, dirishani, mbali na milango, nkamfunga zile pingu za plastiki, nkaingiza kidole kati ya pingu na mkono kuona damu inapita, nkamfunga mkanda, nkamvua viatu. Kisu cha kukatia pingu nkakiweka mfukoni kwangu, kwa sababu ikitokea dharura yule nae ni abiria wangu, namtoa kama ninavyomtoa mwengine.

Alikua anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Na simu zikanyanyuka, safu tatu nzima taa zinawaka. Hapo ndo nlipopandisha sauti kwa mara ya kwanza usiku ule. Nkasema kwa Kiswahili, nyie mnaijua Pemba, hiyo video itafika kwao kabla yake, na kwao pana msiba. Wengi wakashusha simu. Mmoja hakushusha, nkasimama mbele yake mpaka akachoka.

Aliemtuliza si mie. Alikuwepo bi mkubwa mmoja wa Mkoani, Pemba, anarudi kutoka kwa mwanawe, akaomba akae kiti cha njiani, na mie kwa utaratibu nlitakiwa nikatae. Nkamkalisha mvuvi katikati, bi mkubwa pembeni yake, mie nkasimama pale pale. Hakumgombeza. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, mwanangu, mamako alikua nani?" Basi. Akamuuliza jina la mama, anapika nini, alikua mkali au mpole, anasuka mikeka? Na yule kaka akawa anajibu. Saa nzima anajibu, mikono imefungwa mapajani. Halafu bi mkubwa akamsomea Yasin kwa sauti ya chini mpaka akasinzia.

Tulitua saa kumi na moja alfajiri, bado giza. Polisi walikua wanasubiri chini ya ngazi. Walipofika mlangoni, kabla hawajaingia, nkamkata pingu, na akaniuliza saa ngapi. Nkamwambia. Akasema ya kule au ya kwetu? Nkamwambia ya kwetu, umepata saa moja. Akatikisa kichwa kama mtoto.

Wale polisi hawakumfanyia ubaya, lakini maelezo ni maelezo, na jambo la kwanza walilouliza ni ndege imesajiliwa wapi, kwa sababu kwa mkataba ule wa zamani wa Tokyo kesi kwanza ni ya nchi ilikosajiliwa ndege. Hilo limewaachia huru watu wengi sana walioumiza wahudumu, mpaka itifaki ya Montreal ya 2014, marekebisho ya mkataba ule, iliyoanza kutumika 1 Januari 2020, ikaipa nguvu ya kushitaki hata nchi inapotua ndege, kwa zile zilizoiridhia. Nnaiunga mkono kwa moyo wote. Mwenzangu alishonwa mdomo nyuzi tatu. Wakamuuliza kama anashitaki, akasema hataki kesi na msiba, lakini andikeni kwamba amenipiga. Ana haki yote mawili.

Kumuachia ikawa saa tano na kitu. Viti vya ndege za Pemba vya mchana ule vilijaa mpaka alasiri. Bi mkubwa alinipigia baadae, aliwahi khitma, ile dua ya kumsomea marehemu, hakuwahi kaburi. Aliingia ami yake.

Mie ile ripoti niliijaza pale pale uwanjani, mkono unatetemeka. Kuna kisanduku nlitakiwa nitie alama, alijaribu kuingia chumba cha rubani, nkatia, kwa sababu ndo alichofanya. Chini yake pana mistari mitatu ya maelezo. Nkaandika: abiria alitaka kumuomba kapteni aongeze mwendo, mamake anazikwa leo adhuhuri. Kiongozi wetu wa zamu akaisoma akasema haya ya chini hayana haja. Nkamwambia yaache.