Kung'oa msimbo mzee wa kuhesabu hoja katika maktaba ya Emacs Lisp

Ukifungua maktaba ya Emacs Lisp (lugha ya kupanulia kihariri cha maandishi Emacs) iliyoandikwa kati ya 2012 na 2018, kuna uwezekano mkubwa ukakuta humo kipande cha namna hii:

```elisp
(defun hoja-idadi (f)
  (let ((f (indirect-function f)))
    (when (eq (car-safe f) 'macro) (setq f (cdr f)))
    (cond
     ((subrp f)
      (let ((a (subr-arity f))) (list (car a) (cdr a))))
     ((byte-code-function-p f)
      (let ((d (aref f 0)))
        (if (integerp d)
            (list (logand d 127)
                  (if (zerop (logand d 128)) (ash d -8) 'many))
          (hoja--hesabu d))))
     ((eq (car-safe f) 'lambda)  (hoja--hesabu (nth 1 f)))
     ((eq (car-safe f) 'closure) (hoja--hesabu (nth 2 f)))
     (t '(0 many)))))
```

Kazi yake ni moja: kuuliza fanksheni fulani inataka hoja (thamani inazopewa inapoitwa) ngapi kwa uchache na ngapi kwa wingi. `hoja--hesabu` ni msaidizi wake wa kuhesabu orodha ya hoja. Zamani hapakuwa na njia nyingine. `subr-arity` ilijibu kwa fanksheni za msingi zilizoandikwa kwa C tu, hivyo kila mwandishi alijipasulia fanksheni mwenyewe na kuchungulia ndani.

Sehemu ya namba ndiyo tamu kuliko zote. Tangu Emacs 24.1 fanksheni iliyokompailiwa kwa `lexical-binding` (kanuni ya kufunga majina kwa kufuata mahali yalipoandikwa) haibebi tena orodha ya hoja zake, inabeba namba moja. Biti 7 za chini ni hoja za lazima, biti ya 128 inasema kuna `&rest`, na kuanzia 256 kwenda juu unahesabu jumla ya hoja zisizo za `&rest`. Kwa hiyo 257 ni hoja moja, si zaidi. 513 ni moja ya lazima na moja ya hiari. 385 ni moja ya lazima, kisha chochote kinachofuata. Ni elimu nzuri kuijua, lakini si kazi ya maktaba yako kuitunza.

Tatizo lenyewe limekaa kwenye mstari wa mwisho, ule wa `(t '(0 many))`. Hadi Emacs 29, `(lambda (x) x)` ambayo haijakompailiwa ilikuwa orodha inayoanza na neno `closure`. Emacs 30 imeigeuza kuwa kitu cha aina yake, `interpreted-function`, na ukiichapa inaonekana `#[(x) (x) (t)]`. Si orodha tena. `car-safe` inarudisha nil, matawi ya `lambda` na `closure` yanapitwa yote, na mstari wa mwisho unajibu bila haya kwamba fanksheni inapokea hoja kuanzia sifuri hadi zisizo na mwisho.

Hakuna kosa linalotokea pale pale. Maktaba inaamini jibu, inaiita fanksheni ya mtumiaji kwa hoja mbili wakati ilitaka moja, na `wrong-number-of-arguments` inalipuka mbali kabisa na chanzo. Tena haikulipukii wewe mwandishi. Majaribio yako yamekompailiwa, kwa hiyo lambda zako zote zinapita kwenye tawi la namba na kila kitu ni kijani. Anayeumia ni mwenye `init.el` (faili la mipangilio yake) isiyokompailiwa, yaani karibu kila mtu.

Unaweza kuongeza tawi la `interpreted-function-p` na kuendelea na maisha. Mimi nasema usiongeze, ng'oa. Tangu Emacs 26.1, ya 2018, kuna `func-arity`, iliyoandikwa kwa C, ndani ya Emacs yenyewe. Aina mpya ya fanksheni ikiingia kesho, wanaoiingiza ndio watakaoirekebisha.

Swali linalobaki ni nani atakayeachwa nyuma. Hapa Bukavu swali hilo si la mapambo: kompyuta za mkono wa pili zinakaa na mfumo zilionunuliwa nao, kwa sababu kupakua ISO nzima (faili la kusakinisha mfumo) ni mega nyingi, na umeme ukikatika katikati ya kusasisha unabaki na mashine isiyowaka. Basi hesabu kwa mifumo iliyopo, siyo kwa toleo la karibuni. Ubuntu 18.04 inakuja na Emacs 25.2: hao wanabaki nje. Ubuntu 20.04 ina 26.3: wamo. Ubuntu 22.04 ina 27.1, Debian 12 ina 28.2, Ubuntu 24.04 ina 29.3, Debian 13 ina 30.1. Kama kati ya watumiaji wako bado kuna wa 18.04, acha tawi la zamani la git likiwa na lebo yake, wachukue hilo hata kwa flashi. Wengine wote wanasonga mbele. Kwenye kichwa cha faili andika:

```elisp
;; Package-Requires: ((emacs "26.1"))
```

Bila mstari huo `package.el`, kisakinishi cha vifurushi cha Emacs, itaisakinisha hata kwenye 25.2, na mtumiaji atapata `void-function` badala ya kukataliwa mapema.

Kubadilisha si kufuta na kubandika, maana majibu hayana umbo moja. Ya zamani ilirudisha orodha, `(1 2)`. `func-arity` inarudisha jozi, `(1 . 2)`. Mahali popote palipoandikwa `cadr` patavunjika: `(cadr '(1 . 2))` inalalamika kwamba 2 si orodha. Geuza iwe `cdr`. Halafu upande wa juu si namba siku zote. `(func-arity 'format)` ni `(1 . many)`, na `(func-arity 'if)` ni `(2 . unevalled)`. Ukilinganisha kwa `<=` bila kuangalia, Emacs itakuambia `many` si namba. Mimi huficha ulinganisho wote sehemu moja:

```elisp
(defun hoja-inakubali-p (f n)
  "Je, F inaweza kuitwa na hoja N?"
  (pcase-let ((`(,chini . ,juu) (func-arity f)))
    (and (<= chini n)
         (or (symbolp juu) (<= n juu)))))
```

(Kwa sisi wa kibodi ya AZERTY, ile alama kabla ya mabano ni AltGr pamoja na 7. Ukiweka `'` ya kawaida, `pcase-let`, inayoipasua jozi na kuvipa vipande majina, haitavipata `chini` na `juu`.)

Jina la zamani usilifute siku hiyo hiyo kama lilikuwa wazi kwa watu. Wala usitumie `define-obsolete-function-alias`, maana ingewapa jozi mahali walipozoea orodha. Acha ganda jembamba kwa toleo moja:

```elisp
(defun hoja-idadi (f)
  (declare (obsolete func-arity "2.0"))
  (let ((a (func-arity f)))
    (list (car a) (cdr a))))
```

Wito wowote wa jina hilo utaonywa wakati wa kukompaili. `hoja--hesabu`, yenye vistari viwili, ni ya ndani, ifute leo.

Sasa mahali ambapo `func-arity` haifanyi kama ile ya zamani. Kwanza, `autoload`. Msimbo wa zamani ukikutana na fanksheni ambayo faili lake halijapakiwa, uliangukia kwenye mstari wa mwisho na kudanganya. `func-arity` inapakia faili lenyewe ndipo ijibu. Ni jibu la kweli, lakini kama maktaba yako inapitia alama zote (majina yaliyosajiliwa ndani ya Emacs) kwa `mapatoms` ili kujenga menyu, utaona Emacs ikivuta mafaili kwa makumi na mashine dhaifu itaganda. Weka kizuizi cha `(autoloadp (indirect-function s))` na uziruke.

Pili, vitu visivyo fanksheni. Alama isiyo na maana yoyote inaleta `void-function`. Alama yenye ramani ya vitufe ndani yake, kama `Control-X-prefix`, inaleta `invalid-function`. Zamani zote mbili zilipewa `(0 many)` kimya kimya. Ukikagua kwa `functionp` unajikinga, ila kumbuka inakataa pia makro na maumbo maalumu kama `if`. Unapozihitaji hizo, tumia `condition-case`.

Tatu, fanksheni zilizozungushiwa kwa `advice-add` (kuongezewa msimbo kwa nje) au kutengenezwa kwa `apply-partially` (kujazwa baadhi ya hoja mapema). Kwa hizi `func-arity` inaona ganda la nje tu na kwa kawaida inasema `(0 . many)`. Msimbo wa zamani nao ulikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo hupotezi kitu, lakini usiahidi kwenye maelezo kwamba sasa imepona.

Kama ulikuwa unataka majina ya hoja na siyo idadi, hii siyo zana yako. Tumia `help-function-arglist` ukiipa `t` kama hoja ya pili, itatafuta majina halisi kwenye maelezo ya fanksheni. Yenyewe inachungulia chini ya `advice`. Ina mtego mmoja mbaya: kwa `autoload` hairudishi orodha, inarudisha sentensi ya Kiingereza yenye herufi zaidi ya sitini. Ukiita `length` juu yake hupati kosa, unapata fanksheni yenye hoja sitini na kitu. Kagua kwa `listp` kwanza.

Kwenye kusafisha, `grep -rn "hoja-idadi\|hoja--hesabu" .` inatosha kuona waitaji, pamoja na majina yaliyonukuliwa kwa `'` na `#'`. Kisha futa `.elc` zote (faili zilizokompailiwa) kabla ya kujaribu. Emacs hupakia `.elc` kuliko `.el` hata kama `.el` ni mpya zaidi, labda uwe umeweka `load-prefer-newer`, na majaribio yatapita juu ya msimbo uliokwisha kuufuta. Usijaribu pia ndani ya Emacs uliyofungua tangu asubuhi, maana fanksheni iliyofutwa kwenye faili bado iko kwenye kumbukumbu.

```
rm -f *.elc
emacs -Q --batch -L . --eval '(setq byte-compile-error-on-warn t)' \
  -f batch-byte-compile hoja.el
emacs -Q --batch -L . -l ert -l hoja-test.el \
  -f ert-run-tests-batch-and-exit
```

Jaribio lenyewe lazima ligonge aina zote za fanksheni, la sivyo tunarudi kule kule:

```elisp
(ert-deftest hoja-aina-zote ()
  (let ((l '(lambda (a &optional b) (list a b))))
    (should (equal (func-arity (eval l t)) '(1 . 2)))
    (should (equal (func-arity (eval l nil)) '(1 . 2)))
    (should (equal (func-arity (byte-compile l)) '(1 . 2)))))
```

Liendeshe kwenye matoleo mawili angalau, 26 na 30. Ya 30 inajengeka vizuri kutoka chanzo kwa `./configure --without-x --without-gnutls` ukiwa na `libncurses-dev`. Ya 26.3 usihangaike kuijenga kwenye Ubuntu 22.04: glibc (maktaba ya C ya mfumo) kuanzia 2.34 imeacha kuifanya `SIGSTKSZ` kuwa namba thabiti, na chanzo hicho kinakwama hapo bila kiraka. Tafuta jirani mwenye 20.04, mpelekee saraka kwa flashi, aendeshe amri zile tatu.