Maharage bila mkaa

Huu ni mwezi wa tatu napika maharage ya kibandani kwangu Buguruni kwa jiko la presha la umeme. Zamani nilibandika saa kumi alfajiri, mkaa unateketea mpaka jua linachomoza, macho mekundu. Sasa naloweka usiku, asubuhi dakika 45 yameiva, na mita ya umeme ya LUKU haili hata uniti moja. Mkaa ule ni miti iliyokatwa huko mikoani, na moshi wake niliumeza mimi kwanza kabla haujafika angani.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mimi nimefika nusu: ugali bado wa mkaa, sitadanganya, sufuria lile haliingii kwenye presha. Na dereva mmoja wa bodaboda kila siku, "Mama, maharage hayanukii moshi!" Namwongezea pilipili.