Vifuko kwenye misumari

Mdogo wangu kanitumia picha za fomu za shule tatu kwa WhatsApp, usiku, na chini yake kaandika: "Dada, wewe kwa yule mkubwa ulichaguaje?" Mwanawe anatimiza miaka mitano mwakani. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta, maana jibu lenyewe haliingii kwenye simu. Bora niliweke hapa, naye atasoma kama nyie wengine.

Ilikuwa Januari 2016. Mnaukumbuka mwezi ule. Waraka wa elimu bila ada ulikuwa umetoka mwishoni mwa 2015, na kila mzazi mwenye mtoto nyumbani alimshika mkono akaenda naye shule ya serikali iliyo jirani. Sisi tulikuwa bado Tabata, hapa Dar es Salaam. Sera ya elimu ya 2014 ilikuwa imeshaagiza kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza, kwa hiyo darasa la awali lilikuwepo, mlango wa mwisho kule karibu na vyoo. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Pale watoto walikaa sakafuni bega kwa bega mpaka kizingitini, na mwalimu sauti ilishamkauka kabla ya saa 3 asubuhi. Alinipokea vizuri sana. "Mlete tu mama, hatumkatai mtu." Nilimwamini, na mpaka leo walimu wa namna ile nawaheshimu. Lakini niliona wazi kwamba hata Pasaka ingefika kabla hajamjua mwanangu kwa jina.

Baba watoto yeye alishachagua: shule ya Kiingereza, ghorofa mbili, kuta zimechorwa katuni, gari la njano. Gari hilo lilipita mtaani kwetu saa 11 na nusu alfajiri. Nilikuwa namwona mtoto wa jirani akibebwa amelala, kiatu kimoja mguuni, kingine kashika dada wa kazi.

Tukaenda kwenye usaili. Mtoto wa miaka mitano, usaili. Binti alivaa gauni lake la sikukuu, akaingia ofisini, akamwona mwalimu, akapiga goti kidogo kama bibi yake alivyomfundisha, akasema, "Shikamoo." Mwalimu akatabasamu, akamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Binti akadhani hakusikika, akarudia kwa nguvu, "Shikamoo!" Haikuitikiwa. Akaulizwa rangi, akaulizwa namba, vyote kwa Kiingereza, naye kila swali ananigeukia mimi. Tulipokuwa tunashuka ngazi akaniuliza, "Mama, yule mwalimu hasikii?"

Nilimwambia anasikia. Siku mbili tatu sikuweza kulizungumza jambo lile na baba yake bila koo kukaba.

Nilizunguka kwingine pia. Kuna kituo kilikuwa na bembea nzuri na televisheni kubwa, nikaomba kuona cheti cha usajili, wakaniambia kiko kwa mkurugenzi. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na darasa la awali husajiliwa kupitia Wizara ya Elimu. Ukiona mtu hajui yeye yuko upande gani kati ya hizo mbili, mshukuru kwa maji aliyokupa, ondoka. Mdogo wangu, hilo usiliache.

Ya masista niliambiwa na mama anayeuza vitumbua pale kituoni. Chekechea ndogo nyuma ya kanisa, paa la bati, haina hata kibao barabarani. Nilifika bila kutoa taarifa, mlinzi akanielekeza nikasubiri kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani watoto wamekaa kwenye vijamvi, kila mmoja na kazi yake: huyu anamimina maharage kutoka jagi hili kwenda lile, huyu anapanga vizibo vya soda kwa rangi, mwingine anapitisha kidole juu ya herufi iliyokatwa kwenye msasa. Baadaye Sista alinieleza kwamba ni njia ya Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa watu maskini. Wakati ule sikujua. Niliona tu watoto wanafanya kazi na hakuna anayepiga kelele.

Kwenye kona kulikuwa na mvulana amesimama. Kaptula ya khaki, mikono imeshika pindo la shati. Nilijua kabla sijaona. Maji yalishuka mguu mmoja, yakaingia kwenye soksi, yakajaa kiatu, yakaanza kutambaa juu ya saruji kuelekea jamvi la mwenzake. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Hakulia. Alikuwa anatazama yale maji yanavyokwenda, kama mtu anayetazama basi linamwacha.

Msichana wa jamvi la karibu akainua kichwa, akavuta pumzi ya kusema.

Sista alishaona. Hakukimbia, hakuita jina la mtu. Alianza kuimba, taratibu, wimbo ambao bila shaka watoto waliujua kuwa ni wa kutoka nje, maana wote waliacha walichoshika wakasimama, na yule msichana naye pumzi yake ikaishia kwenye wimbo. Wakapanga mstari. Mstari ukapita upande wa pili wa chumba, mbali na kona. Sista akampa dada msaidizi aongoze, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ya kusikika na wote, "Wewe baba, baki unisaidie kufunga madirisha."

Akaitwa baba, akapewa kazi. Watoto wakatoka wakimwonea wivu.

Walipobaki wawili, Sista akatoa khanga, akamfunga kiunoni, akamvua. Ukutani kulikuwa na misumari imepangwa mstari, kimo cha mtoto, na kila msumari una kifuko cha vipande vya kitenge, juu yake picha: samaki, ufunguo, chungwa, jogoo. Mvulana akaenda mwenyewe kwenye jogoo, akashusha kifuko, akatoa kaptula kavu. Sista alimwagia maji miguuni kwa kopo, akampa kitambaa, wakafuta sakafu wote wawili, yeye upande huu, mtoto upande ule. Halafu, na hapa ndipo machozi yalinitoka kwenye lile benchi, wakafunga madirisha kweli. Yote. La kwangu lilikuwa la mwisho. Sista akaniona, akasema, "Karibu mama, tunamalizia kazi," na mtoto akanipa shikamoo akiwa ameshika komeo.

"Marahaba, baba."

Ada niliuliza mwishoni, na nilikuwa nimeshaamua.

Nyumbani palikuwa pagumu. Baba watoto alisema nimechagua kwa ajili ya mtoto kujikojolea, na binti yetu hajikojolei. Nikamwambia ipo siku atajikojolea, au atalia, au atasema shikamoo mahali pasipotakiwa, na nataka kumjua mtu atakayekuwepo siku hiyo. Alikubali, ila moyoni hakuridhika, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Binti alimaliza mwaka wake kwa masista, akaenda shule ya msingi ya serikali, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hazikumsumbua hata kidogo. Alipoingia kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza, na miezi ile ya mwanzo alikuwa akilala na kamusi kitandani, analia juu ya baiolojia. Baba yake hakunikumbusha alichosema. Angenikumbusha, sina hakika ningemjibu nini.

Mdogo wake tulimpeleka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Sista alikuwa amehamishwa na shirika lake, nasi tulishahamia Kinyerezi. Sasa yuko darasa la pili, anasoma hadithi za Kiingereza bila kukwama, na barua kwa bibi anaandika kwa taabu mpaka nakaa naye. Baba yao anaona safari hii ndiyo tumepata. Mimi sijaona hivyo bado.

Siku ya kumwandikisha huyo mdogo niliuliza nguo za akiba zinawekwa wapi. Wakanionyesha kabati zuri, limefungwa, ufunguo uko kwa katibu muhtasi huko ofisini. Nikaomba ufunguo ukae darasani, mahali mtoto anafikia. Walijadiliana kidogo, wakakubali. Fomu nikaisaini baada ya hapo.