Nilipokutana na Mwindaji wa Dude la Ziwa

Matatu ya Nakuru kwenda Kisumu hukupitisha majira mawili kwa asubuhi moja. Mau Summit unafunga sweta hadi shingoni. Ukishayapita mashamba ya chai ya Kericho na kuteremka Awasi, unalivua. Ahero wanawake walikuwa wakipima mchele kwa gorogoro kando ya barabara, na jua la uwanda wa Kano lilikuwa limeshaanza kuchoma. Njia hiyo naijua kwa sababu ya harusi na matanga. Safari hii nilikuwa namfuata mtu mmoja tu: mzee wa Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiliwinda dude analosema linaishi katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya.

Jina lake silitaji. Ana maadui wa kutosha. Binamu yangu anayekaanga samaki Dunga aliniambia ufuo mzima umegawanyika kwa ajili yake. Wapo wanaomwita tapeli, kwamba anawatoza wageni pesa akawaonyeshe magogo na gugumaji usiku. Wapo pia wavuvi ambao hawatupi wavu mahali alipowakataza, hata samaki wakiwa wengi kiasi gani.

"Ni mwongo," binamu alisema, huku anageuza ngege kwenye mafuta. "Lakini ukifiwa ziwani, yeye ndiye atakayefika kwako kabla ya chifu. Na kila kifo anakiandika daftarini."

Nilimkuta ameinama juu ya boti iliyopinduliwa, anasukumiza pamba kati ya mbao kwa ncha ya bisibisi. Nilimwamkia, "Oyawore, Mzee," akaitikia, kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye wa Nakuru? Keti, nyathina, mwanangu. Umekuja kuona kama nina wazimu?"

"Nimekuja kusikiliza, Mzee."

Alifuta mikono na kuanza mbali sana. Alinieleza kwamba Waganda, ng'ambo ya ziwa, wana habari za Lukwata, mnyama wa majini anayeshambulia mitumbwi. Alijua kwamba mwaka 1913 C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya Lukwata, na kwamba humo alimtaja Sir Clement Hill, aliyesimulia kuwa mnyama alitokeza majini akataka kumnyakua mtu aliyeketi mbele ya boti. "Huyo Hill walimpa meli jina lake, ilizinduliwa hapa Kisumu 1907," alisema. "Yeye hakuitwa mwongo. Mimi naitwa mwongo kwa sababu nimezaliwa hapa."

Maneno hayo yalinigusa, na bado yananigusa. Mzungu akiona kitu ziwani, kinaandikwa katika jarida. Mvuvi akikiona, ni ushirikina.

Lakini picha zake hazikunishawishi. Katika simu yake kulikuwa na migongo mitatu myeusi, imefuatana juu ya maji ya kijivu. Pembeni hapakuwa na boti wala ndege wa kukuwezesha kukisia ukubwa. Nilimwambia fisi maji huogelea wakifuatana hivyo hivyo, mmoja akizama mwingine anatokeza. Akaivuta simu yake, akaitia mfukoni. Tulikaa kidogo bila kusema.

Kesho yake alfajiri alinipeleka majini. Tulipita ukingoni mwa mafunjo, polepole, na mahali fulani akazima injini. Sauti ilitoka ndani ya mafunjo, nzito, ya kukoroma na kucheka kwa pamoja. Viboko. Tulibaki mbali nao, yeye kasia mkononi, hakutoa macho kwao hata mara moja.

Hapo ndipo nilipomsimulia habari za Loch Ness, ziwa la Uskoti. Mwishoni mwa 1933 gazeti la Daily Mail la Uingereza lilimtuma mwindaji aitwaye Marmaduke Wetherell akalitafute dude la huko, na baada ya muda mfupi akatangaza kwamba amepata nyayo kubwa ufuoni. Wataalamu wa makumbusho ya London walipozichunguza waligundua ni za kiboko, tena za mguu mmoja uleule, mguu uliokaushwa kuwa pambo la nyumbani. Mwaka 1934 gazeti hilohilo likatoa picha ya shingo ndefu inayotoka majini, na dunia nzima ikaijua. Ilichukua hadi 1994 kufahamika kwamba ilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyopachikwa kichwa, na kwamba Wetherell alikuwa na mkono wake humo. Nikamweleza pia juu ya Frank Searle, aliyepiga hema kando ya ziwa lilelile mwaka 1969 na kutoa picha moja baada ya nyingine, hadi watafiti wenzake wakamkana kwamba ni za kutengeneza.

"Mguu wa kiboko," mzee alirudia. "Walitoa kiboko kwetu, wakamtembeza kwao."

Nilimwambia Loch Ness ina kina cha zaidi ya mita 220, hata dude lingepata pa kujificha. Ghuba ya Winam haina kina hicho; sehemu kubwa haifiki hata mita 10. Akanijibu bila kufikiri: "Kamongo anajizika kwenye tope likakauka juu yake, akakaa humo miezi, mvua ikinyesha anatoka. Samaki anayepumua hewa! Angekuambia mtu hayo kabla hujamwona, ungeamini?" Sikuwa na jibu zuri.

Tuliporudi ufuoni alinitolea lile daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, la aina wanayotumia wenye maduka kuandikia madeni, kurasa zimevimba kwa unyevu na kingo zimepakaa mafuta ya injini. Kila ukurasa una tarehe, jina la ufuo, hali ya upepo, mwezi ulikuwa mkubwa au mdogo, nani alikuwa ndani ya boti, nani aliokoka na alisema nini. Maneno ya mashahidi ameyaandika kama yalivyotoka, Kijaluo kwa Kijaluo, Kiswahili kwa Kiswahili. Pembeni, kwa wino mwekundu, ameandika kwa mkono wake mwenyewe: DUDE.

Nilisoma ukurasa wa kijana mmoja wa upande wa Kendu Bay aliyefia ziwani. Mbalamwezi, karibu na mafunjo, boti ndogo. Aliyeokoka alisema maji yaliinuka, mgongo mweusi ukapita chini yao, boti ikapinduka, kisha akaona mdomo umefunguka.

"Mzee," nikasema, "huyu ni kiboko."

"Yeye hakusema kiboko."

"Ilikuwa usiku. Alisema alichokiona. Wewe ndiye uliyesema dude."

Nilikasirika, na sikuificha hasira yangu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa humo, kiboko akiwa mmojawapo, familia yake inastahili fidia ya shilingi milioni 5. Najua malipo huchelewa, na wapo wanaosubiri miaka. Lakini dude halimo katika sheria. Familia iliyoambiwa mtoto wao amechukuliwa na dude haiendi KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Inafanya tambiko, inahama ufuo, inanyamaza.

Alichukua daftari akasoma ukurasa ule upya, kidole kikifuata mistari. "Mama yake alinipa uji siku ile," alisema. Kisha akauliza matatu ya Kendu Bay inaondoka saa ngapi.

Tulipitia Ahero na Katito. Njiani hakuzungumza sana, ila tulipokaribia Simbi Nyaima alininyooshea kidole kuelekea lile ziwa la kreta ambalo wazee husema ni kijiji kilichozamishwa kwa kumnyima mgeni mahali pa kulala.

Mama wa marehemu alitukaribisha, akamwita mwanawe mkubwa. Mzee alisimama, akavua kofia, akawasomea ukurasa wote hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliwaambia ni dude. Huyu binti anasema ni kiboko, na nikisoma maneno ya yule aliyeokoka naona ni kiboko. Nisameheni, mama." Yule mama alimtazama kwa muda, akamuuliza kama karatasi hiyo itakubaliwa ofisini. Nikamwambia peke yake haitoshi, lakini ina tarehe, ina mahali, na ina jina la shahidi ambaye bado yu hai.

Mjini tulitoa fotokopi, moja ya chifu, moja ya polisi, moja ya KWS. Daftari lenyewe alikataa kuliacha. Tukiwa stendi nilimuuliza kama sasa ataacha kuliwinda dude.

"Huu ni ukurasa mmoja," alisema. "Zipo nyingine hujazisoma."

Nikamwambia siamini kama lipo, na kwamba nitarudi kuzisoma zote, moja moja, naye awepo.

"Uje na kalamu yako," akasema. "Ile nyekundu ni yangu."